Nani Alimwita Hasidi? Kuisoma Upya Adili na Nduguze Pamoja na Watoto Werevu

Wasomaji wetu watatuwia radhi tukianza makala haya kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukisahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuhusu Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Swali lilikuwa la kawaida: wafafanue maadili yanayojitokeza katika kitabu. Karibu wote waliandika tuliyowafundisha, kwamba Adili ni kielelezo cha wema, kwamba Hasidi na Mwivu ni kielelezo cha husuda, na kwamba hatimaye wema hushinda ubaya. Karatasi moja ilituudhi. Mwandishi wake alidai kwamba Adili naye ana kosa: kila usiku aliwapiga ndugu zake mijeledi kwa sababu tu ameamriwa, na mtu mwadilifu, kwa maoni ya mwanafunzi huyo, hatekelezi amri ya namna hiyo. Tuliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Soma kitabu tena," tukampa alama za chini. Hakuja kulalamika. Mwaka uliofuata aliacha Kiswahili akachukua somo lingine.

Leo tunakiri kwamba waliopaswa kusoma kitabu tena ni sisi. Tumekisoma, safari hii nyumbani, pamoja na watoto wetu wawili. Makala haya ni matokeo ya usomaji huo. Tunakusudia kuihakiki kazi hiyo kwa swali moja ambalo wahakiki hawaliulizi mara nyingi: je, ni kitabu kizuri kwa mtoto mwerevu? Na kama ni kizuri, kina uzuri gani, na sisi walimu huuharibu vipi?

Swali tunaloulizwa kila mara

Tunapokwenda kuwakagua wanafunzi wetu katika mazoezi ya kufundisha, wazazi na walimu wakuu hutuuliza: "Huyu mtoto ana akili sana. Tumpe vitabu gani?" Hapa Uganda jibu huwa limekwisha kutolewa kabla hatujafungua mdomo. Mtoto mwenye akili hupewa vitabu vya Kiingereza. Kitabu cha Kiswahili husomwa kwa ajili ya mtihani, kisha hurudishwa kabatini.

Hatuwalaumu wazazi peke yao. Lugha hii imekuwa na historia ngumu katika nchi yetu. Mwaka 1973 Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa watu wengi ikabaki lugha ya kambi za jeshi na ya kutishia watu barabarani. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 uliifanya somo la lazima katika vidato viwili vya mwanzo, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sheria zimetangulia, mapenzi yanafuata polepole. Mtoto hupenda lugha ambayo ndani yake amekutana na kitabu kilichomkosesha usingizi. Kama kila kitabu cha Kiswahili anachokiona kinaishia kwa maneno "hadithi hii inatufunza kwamba," ataamini kwamba Kiswahili ni lugha ya kuambiwa na Kiingereza ni lugha ya kufikiri.

Kwa hiyo uchaguzi wa vitabu ni jambo zito kwetu. Ukikosewa, tunawapoteza watoto walewale ambao kesho wangekuwa waandishi, wafasiri na walimu wa lugha hii.

Kitabu chenyewe

Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alichapisha Adili na Nduguze mwaka 1952. Wengi wanakijua kisa chake, lakini tukikumbushe kwa ufupi. Mfalme Rai wa Ughaibu ni mtawala anayewapenda sana wanyama. Mtumishi wake, Ikibali, anatumwa Janibu kufuatilia kodi. Huko anafikia kwa liwali Adili, mtu anayesifika kwa uadilifu. Usiku anamwona mwenyeji wake akiwapiga mijeledi manyani wawili, kisha akilia na kula nao. Habari zinamfikia mfalme, naye Adili anaitwa ajieleze.

Hapo ndipo siri inapofunuka. Manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Walipoteza mali yao, Adili akagawana nao ya kwake. Walisafiri pamoja, na njiani Adili akamwokoa nyoka aliyekuwa akifukuzwa na joka, kumbe nyoka yule ni Huria, binti wa kijini. Baadaye, katika mji ambao watu wake walikuwa wamegeuka mawe, Adili alimkuta Mwelekevu, msichana aliyesalia hai. Ndugu wakaona wivu, wakamtupa Adili baharini. Huria akalipa fadhila kwa kumwokoa, akawageuza wale wawili kuwa manyani, na akamwamuru Adili awapige kila usiku. Akikaidi, adhabu itamfikia yeye. Mfalme Rai ndiye anayeingilia kati na kuwaombea, na mwishowe ndugu wanarudishiwa ubinadamu wao.

Watafiti wa fasihi wamekwisha kuonyesha kwamba kisa hiki kina asili yake katika Alfu Lela Ulela, katika hadithi ya Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, na ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa. Jambo hili halimpunguzii Shaaban Robert heshima. Linatusaidia kuona alichobadilisha kwa makusudi, na tutalirudia hapo chini.

Kuhusu lugha, tuseme wazi kwamba kitabu hiki si chepesi kwa mtoto wa Kampala au Mbarara. Msamiati wake ni wa pwani ya miaka ya 1950, na sentensi zake hupenda kutembea polepole zikipambwa kwa hekima. Mara nyingi msimulizi husimamisha kisa ili kusifu wema au kulaani ubaya. Mtoto mwenye akili nyepesi huhisi upesi kwamba anashikwa mkono na kuelekezwa mahali pa kutazama. Huo ndio udhaifu wa kwanza wa kitabu, na walimu wengi tumeugeuza kuwa sifa yake kuu. Tunayafundisha mahubiri tukiyaona rahisi kutungiwa maswali, na tunakiacha kisa. Lakini kisa kina ujasiri kuliko mahubiri yake.

Swali la majina

Binti yetu, aliyekuwa darasa la sita, alikisoma kitabu kwa siku tatu. Tulipomuuliza kinahusu nini, alitutajia wema, uvumilivu, husuda na msamaha, kwa mpangilio mzuri kama aliyeukariri. Tulimsifu mbele ya shangazi yake. Akakirudisha kitabu rafuni, na hakukigusa tena.

Mdogo wake alikuwa darasa la nne. Huyu tulikuwa na mazoea mabaya ya kumtania mbele ya wageni kwamba "huyu ni wa mpira, wa vitabu ni dada yake." Hakupewa kitabu. Alikisikia tu, kwa kuwa dada yake alipenda kusoma kwa sauti na wote wawili walilala chumba kimoja. Jioni moja tukiwa tunakula alituuliza, "Mama, nani alimwita Hasidi?"

Tulimjibu kwamba ni mwandishi.

"Hapana, ndani ya kitabu. Alizaliwa mtoto mchanga tu. Mama yake alijuaje kwamba atakuwa mbaya?"

Dada yake alicheka, akamweleza kwamba hayo ni majina ya mafumbo. Mvulana hakuridhika. "Mimi ningeitwa Hasidi," alisema, "kila mtu angekuwa ananingojea niwe mbaya. Mwisho ningekuwa."

Tulinyamaza, maana tulijua tumemwita yeye jina gani mbele ya wageni.

Tuliangalie swali lake kihakiki. Shaaban Robert anaandika kwa istiara, na katika istiara jina hubeba hukumu. Ndivyo ilivyo katika Kusadikika (1951) pia, ambapo mshtaki anaitwa Majivuno na mshtakiwa Karama. Mbinu hii ina faida zake. Msomaji hujua mapema anasimama upande gani, na mwandishi aliyeandika chini ya serikali ya kikoloni alipata pazia la kuongelea mambo ya dunia yake. Hasara yake ni kwamba tabia inakuwa imekwisha kuamuliwa kabla ya tendo lolote. Mwivu anakuwa na wivu kwa kuwa ndiye Mwivu. Hatuonyeshwi siku ambayo husuda ilianza, neno lililosemwa, au sifa aliyopewa mmoja mwingine akanyimwa. Kwa mtoto anayetaka kujua watu huwaje wabaya, hilo ni pengo kubwa.

Hata hivyo, tulipokisoma kitabu kwa swali la mtoto huyu, tuliona jambo ambalo hatukuwahi kulifundisha kwa miaka yote. Katika hadithi ya Alfu Lela Ulela, ndugu wa Abdallah wana majina ya kawaida tu. Wakisharudishiwa ubinadamu wao wanamsaliti ndugu yao tena, na mwisho wao ni kuuawa. Shaaban Robert amefanya kinyume mara mbili. Amewapa majina yanayowahukumu, kisha amewapa mwisho unaowaachilia. Hasidi wake anatubu huku bado anaitwa Hasidi. Jina limebaki na mtu amebadilika. Kwa hiyo kitabu chenyewe kinamjibu mvulana wetu, na kinamjibu vizuri: aliyekupa jina hakumaliza habari zako.

Hilo ndilo tunaloliona kuwa thamani kubwa ya kazi hii, na halimo katika orodha yoyote ya "maadili yanayojitokeza." Binti yetu, ambaye tulimwona ndiye msomaji, hakulifikia kwa kuwa tulikuwa tumemzoesha kwamba kusoma ni kukusanya mafunzo na kuyaleta nyumbani asifiwe. Mdogo wake alilifikia kwa kuwa hakuna aliyemngojea alete chochote.

Swali la mjeledi

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu wa wino mwekundu. Je, Adili ana kosa?

Kitabu kinatupa ushahidi wa pande zote mbili. Kwa upande wa kumtetea, Adili hakujichagulia kazi hiyo. Aliamriwa na kiumbe mwenye nguvu kuliko yeye, ambaye pia alikuwa amemwokoa asife maji. Anapiga huku akilia, na baada ya kupiga anakula pamoja na waliopigwa. Kwa upande wa kumlaumu, ni kweli kwamba usiku baada ya usiku mkono ulioshika mjeledi ni wake. Tena hatumwoni akitafuta njia ya kuwaokoa nduguze mpaka mtumishi wa mfalme alipoifumania siri. Na aliyesimamisha adhabu ni mfalme Rai. Mwandishi ameweka kejeli ya makusudi hapa: mfalme anayewahurumia wanyama ndiye anayewakomboa watu waliofungwa katika miili ya wanyama, wakati liwali mwadilifu alikuwa akitii.

Sisi tulipomjibu mwanafunzi "soma kitabu tena," tulisahau kwamba machozi ya Adili yamewekwa na mwandishi mwenyewe. Kama tendo lingekuwa sawa kabisa, angelia nini? Machozi yale ni mlango alioufungua Shaaban Robert ili msomaji aingie na kuuliza. Mwanafunzi aliingia, nasi tukamfungia nje.

Wako watakaosema kwamba maswali haya ni makubwa mno kwa mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili. Hatukubaliani nao. Watoto wa eneo letu la Maziwa Makuu wanakua katika nchi ambazo, katika historia ya karibuni, watu wengi waliumizwa na watu waliokuja kusema baadaye kwamba waliamriwa tu. Mtoto mwerevu atasikia maneno hayo redioni au mezani kwa babu yake. Ni heri akutane na swali hilo kwanza ndani ya hadithi ya manyani na jini, mahali ambapo anaweza kulijadili bila hofu, akiwa na mtu mzima pembeni.

Tuongeze lawama moja ya haki kwa kitabu. Mwelekevu, msichana aliyesalia peke yake katika mji wa mawe, ana kisa kinachostahili kitabu kizima. Alivumiliaje upweke ule? Alitaka nini? Msimulizi anatupa zaidi jinsi anavyopendwa na kuonewa wivu. Binti yetu, tulipomrudishia kitabu na kumwomba safari hii atuletee maswali badala ya majibu, hili ndilo lililokuwa la kwanza. "Wote wanamgombania," alisema, "hakuna anayemuuliza." Tulimwambia aandike sura inayokosekana, na ameiandika, kurasa nne kwa penseli. Tangu siku ile hatujaona tena haja ya kumpa kitabu cha Kiswahili kwa kumbembeleza.

Kulinganisha na chungu kilichozaa

Ili tusionekane tunakitetea kitabu kimoja tu, tukilinganishe na kingine kinachojulikana na kila mwalimu, yaani Hekaya za Abunuwasi. Hekaya hizi nazo zina uhusiano na Baghdad ya Harun Rashid, lakini zimekwenda njia tofauti. Tuchukue hekaya ya chungu. Abunuwasi anaazima chungu kwa jirani, anakirudisha na kingine kidogo, akisema kimezaa. Jirani anafurahi na kupokea. Anaazima tena, na safari hii anasema chungu kimekufa. Jirani anapokataa, Abunuwasi anamwonyesha kwamba aliyekubali kuzaa hana budi kukubali kufa.

Hekaya hii ni fupi, maneno yake ni mepesi, na haina sentensi hata moja ya kumsifu au kumlaani mtu. Lakini ndani yake mna somo kamili la mantiki: ukikubali jambo la uongo kwa kuwa linakufaa, umejifunga kulikubali litakapokudhuru. Mtoto hucheka kwanza, kisha huelewa, na kicheko chake ndicho ushahidi kwamba ameelewa. Hakuna haja ya kumwandikia funzo chini.

Wazazi wengine hutuambia kwamba Abunuwasi atawafunza watoto ujanja. Ni kweli kwamba ni mjanja, na ni kweli kwamba chungu cha watu hakurudisha. Hapo ndipo pa kumuuliza mtoto: Abunuwasi alishinda, lakini je, alikuwa na haki? Tumeliuliza swali hilo katika madarasa kadhaa, na hatujawahi kuona darasa likikubaliana. Tukiviweka vitabu hivi viwili pamoja, tunaona kwamba Abunuwasi anamwachia mtoto swali kwa kunyamaza, na Shaaban Robert anamwachia swali licha ya kusema sana. Kwa mtoto anayeanza kusoma Kiswahili, tungeanza na Abunuwasi. Kwa mtoto aliyekwisha kuzoea, Adili atampeleka mbali zaidi, maana Abunuwasi habadiliki kamwe, naye Hasidi hubadilika.

Kuna na kitabu cha tatu tusichopenda kukisahau. Hadithi ya Alice ya Lewis Carroll, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1865, imefasiriwa kwa Kiswahili zaidi ya mara moja: iko Elisi katika Nchi ya Ajabu ya mwaka 1940, na iko Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015. Humo mna bibi mmoja wa kikabaila ambaye hutafuta funzo katika kila kitu anachokiona, na mwandishi anamfanyia mzaha. Kila mwalimu wa fasihi angefaa kukutana na bibi huyo angalau mara moja kwa mwaka. Sisi tulijitambua.

Namna ya kuchagua

Kutokana na tuliyojifunza, tunapendekeza mambo manne kwa wazazi na walimu wenzetu.

Kwanza, kitabu kigumu si lazima kiwe ndicho kinachomfaa mtoto mwerevu. Tumeona watoto wa darasa la tano wakipewa riwaya za kidato cha tano ili wazazi wapate la kusimulia. Mtoto husoma maneno yote na haoni chochote, kwa kuwa mambo yanayosimuliwa bado hayajamfika. Kongowea Mswahili wa Siku Njema ya Ken Walibora (1996), kijana wa Tanga anayesafiri hadi Kenya kumtafuta baba yake, atamngojea mtoto mpaka afikishe miaka kumi na minne. Hataharibika.

Pili, kabla ya kununua kitabu cha watoto, jiulizeni kama watoto wawili wanaweza kubishana juu yake, kila mmoja akiwa na ushahidi kutoka kurasa zake. Kama hawawezi, kitabu hicho kinatosha kwa zoezi la kusoma, lakini hakitamlea msomaji.

Tatu, kama kitabu kina funzo lililoandikwa mwishoni, lifunikeni kwa karatasi. Mwacheni mtoto aseme lake kwanza. Kisha lifunueni mlinganishe. Mara nyingi la mtoto huwa bora, na hata likiwa duni, ni la kwake.

Nne, na hili linatuuma kulisema, msigawe vitabu nyumbani kwa kufuata majina mliyowapa watoto. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mkishamwita mmoja mwerevu na mwingine mzito, mmekwisha kuandika Adili na Hasidi wenu sebuleni, na kazi ya kufuta ni ndefu kuliko ya kuandika. Someni kwa sauti ili hata asiyetarajiwa asikie. Hili lina faida nyingine katika nchi yetu, ambako vitabu vya Kiswahili vingi hutoka Nairobi na Dar es Salaam na bei yake si ndogo. Nakala moja inayosomwa kwa sauti hutosha nyumba nzima, na hata darasa zima.

Tunajua watakaopinga. Methali ya samaki mkunje angali mbichi imetumika sana kuhalalisha vitabu vya kuwaambia watoto tu. Nasi tunaiamini methali hiyo. Tunachouliza ni upande wa kumkunjia. Mtoto aliyekunjwa katika kutii tu atamtii yeyote atakayeshika mjeledi. Mtoto aliyezoea kuuliza ushahidi, na kusikiliza ushahidi wa mwenzake, atakuwa mtiifu kwa jambo lililo sawa. Kwa usomaji wetu, hapo ndipo Shaaban Robert alipotaka kumfikisha msomaji wake, ingawa mara nyingine sauti yake ya kufundisha inaizidi sauti yake ya kusimulia.

Hitimisho

Adili na Nduguze ni kitabu chenye kasoro: majina yanayohukumu, mahubiri mengi, na mwanamke asiyepewa nafasi ya kutosha ya kusema. Pamoja na hayo, tunakipendekeza kwa mtoto mwerevu wa kuanzia miaka kumi na moja hivi, kwa sharti kwamba asome na mtu mzima aliye tayari kuulizwa. Akisomeshwa peke yake kwa ajili ya maswali ya mtihani, ni afadhali asikisome.

Hatukufanikiwa kumpata mwanafunzi wetu wa zamani ili tumwombe radhi. Tumefanya lililo katika uwezo wetu. Mwaka huu swali la fasihi kwa mwaka wa kwanza limebadilika, na tunawaalika walimu wenzetu walitumie wakipenda: "Je, Adili alikuwa na njia nyingine zaidi ya kutii? Jibu kwa ushahidi kutoka kitabuni." Katika mwongozo wa kusahihisha tumeandika kwamba majibu yote mawili yanaweza kupata alama zote.